Bodi Isiyo na Jina

Makongeni, Thika
3 Februari 2025

Mwalimu Muigai,

Kyengo wa gari la mikate amekubali kubeba boksi, kwa hivyo ukilifungua likinukia mkate usishangae. Ndani kuna bodi ya kwanza niliyoifanya peke yangu bila wewe kusimama nyuma yangu. Nimeifunga kwa nepi ya Maxine, ni safi, na nepi naomba irudi.

Sisi tulifika salama. Khisa, baba Maxine, alianza kazi Eneo la Viwanda siku ya pili tu, anarudi amechoka hata kula anasahau. Mimi nimekumbuka Ruiru. Miaka miwili nilikuwa mpangaji wako, nikaja kukupigia mashati pasi, nikaishia kupiga pasi kompyuta. Huku nikiwaambia watu wanacheka. Jirani yangu Wavinya alinipata na pasi mkononi juu ya karatasi, akauliza, "Mama Maxine, sasa hiyo ni shati gani?" Nikamweleza. Unachapa mchoro kwenye karatasi ya gazeti ile ya kung'aa, unailaza juu ya kibati cha shaba, unapiga pasi mpaka wino uhamie, halafu unatia kwenye dawa. Dawa inakula shaba yote isipokuwa pale penye wino. Pale ndipo umeme utapita. Nikamwambia kuna mwalimu ana kompyuta ya 1984, ile ya kuchomekwa kwa tivii, bodi yake ya memori iliungua na hazitengenezwi tena popote duniani, kwa hivyo tunatengeneza nyingine sawasawa na ile. Akaniangalia. "Si mnunue simu?"

Simu nayo Maxine ameitumbukiza kwenye dawa ya shaba. Sasa dawa inakaa juu ya kabati na mimi sina simu. Wewe kwa simu ulikuwa husikii hata nikipiga nduru, kwa hivyo hatujapoteza kitu. Tutaandikiana.

Lakini aki Mwalimu, nimeteseka. Ronny wa saiba alichapa mchoro mara tatu. Nikamwambia, "Ronny, hii imepungua." Akaniambia, "Madam, imeingia kwa karatasi vizuri sana." Kuingia kwa karatasi! Niliipima kwa rula pale kaunta watu wakiwa foleni nyuma yangu. Ilikuwa imepungua milimita mbili, na milimita mbili ni miguu ya chipu kuning'inia nje. Ya tatu ndiyo ikatoka sawa. Nikaanza kupiga pasi, stima ikapotea katikati. Nikarudia. Pasi yangu ina matundu ya mvuke yanaacha madoa, ikabidi niazime ya Wavinya. Yote hayo Maxine akiwa amelala, na mchana analala saa moja tu.

Nimepima kila njia kwa betri na balbu. Hakuna iliyokatika, hakuna zilizogusana.

Sheria yako naikumbuka, bodi haiwekwi jina mpaka iwake. Pale kona ya chini nimeacha nafasi tupu, kama ukubwa wa stempu. Mimi niliishia Form Two. Cheti sina, hata cha kushona. Siku nitaona NALIAKA imeandikwa kwa shaba, na Maxine aje aione akiwa mkubwa, nitajua kuna kitu nilimaliza.

Nije Jumapili moja tuiwashe pamoja?

Wako,
Naliaka


Ruiru
14 Februari 2025

Mama Maxine,

Nepi inarudi, imefuliwa. Bodi haikuwaka.

Nilisikia harufu kabla sijaona chochote. Chipu kuu imeungua. Unafahamu kwamba zile chipu hazinunuliki tena. Nilikuwa nazo tatu, zote za 1984, nimezitunza kwenye mkebe wa kakao kwa miaka. Sasa ninazo mbili. Bila shaka mahali fulani njia mbili zimegusana, nawe balbu yako haikukuambia. Rudia.

Nikueleze tena kwa nini ninasisitiza. Mwaka wa 1987 niliwaandikia wanafunzi wangu wa darasa la sita mchezo unaoitwa Shamba. Unapanda mahindi, unapanda maharagwe, mvua inakuja au haiji. Kaseti yake ni nzima. Ila bila bodi ya memori, mashine haina nafasi ya kuupokea. Ninataka kuliona lile shamba likiota kwenye kioo cha tivii, mara moja tu. Na ninataka iwe mapema. Usiniulize haraka ni ya nini.

Nakala ni nakala. Usipunguze kitu, usiongeze kitu.

Usije Ruiru. Kazi hii inatosha kwa barua.

Muigai


Makongeni, Thika
4 Machi 2025

Mwalimu,

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama, nikakaa. Chipu imengoja miaka arobaini haijapata shida na mtu, halafu inakuja kuuawa na mimi na pasi ya Wavinya. Sikulala vizuri siku mbili. Khisa akaniambia, "Wacha basi. Hiyo kompyuta yenu hata WhatsApp haifungui." Nikamwambia inafungua shamba. Akasema shamba liko Bungoma, nauli anayo.

Hii ni bodi ya pili. Nimeifanya polepole mpaka nikajichukia. Nimeipima kwa balbu mara nne, nikampa Khisa akaipima mara ya tano kwa sababu yeye hana huruma na mimi. Njia zimelala kila moja mahali pake, unaweza kupitisha uzi katikati. Sioni kosa, Mwalimu. Nimelitafuta mpaka nikatamani liwepo ili nilitoe.

Kuna kitu kimoja tu nilitaka kuuliza. Ile bodi ya zamani ilikuwa na kamstari keupe kando ya soketi, pale chipu inapochomekwa, ka kuonyesha iangalie wapi. Mimi rangi nyeupe sina namna ya kuichapa, kwa hivyo zetu hazina alama. Niweke alama nyingine? Hata doa la risasi, ile ya kuyeyusha, ninapochomelea?

Na lingine, usikasirike. Umeniandikia kwa herufi kubwa mpaka karatasi nzima imemezwa na maneno machache, na mistari inapandana. Ulipokuwa ukinifundisha ulikuwa unaandika kadogo, kasafi, kama mtu anashona. Khisa aliitazama barua akaniambia, "Huyu mzee anakupigia kelele." Nimekukosea nini kingine? Kama ni kuhama, si mimi niliyehama, ni kazi.

Kona bado ni tupu.

Naliaka


Ruiru
19 Machi 2025

Mama Maxine,

Imeungua tena. Harufu ile ile. Imebaki chipu moja.

Sikupigii kelele. Kalamu ni nene.

Alama haihitajiki. Anayeijua kazi anajua chipu inaangalia wapi. Kama huwezi kuchapa mstari mweupe, usiweke uchafu badala yake.

Labda kosa ni langu kukupa kazi kubwa kuliko mikono yako. Nimemwambia binti yangu Wamboi akupakilie bodi uitazame mwenyewe. Ukishaitazama, pumzika. Lea mtoto.

Muigai


Makongeni, Thika
23 Machi 2025

Mwalimu,

Nimeandika barua hii mara mbili. Ya kwanza nimeichana, ilikuwa na maneno ya mtu asiye na mama.

"Kubwa kuliko mikono yako." Hiyo nilienda nayo mpaka kwenye kamba ya nguo, nikaanika nayo, nikaanua nayo. Tangu Februari najiona muuaji. Maxine akishika kitu nashtuka, nafikiria nitakiunguza mimi. Nilimwambia Wavinya achukue pasi yake, siitaki tena ndani ya nyumba.

Halafu nikafungua boksi.

Wamboi ameipakia bodi na chipu ikiwa bado imechomekwa. Nilidhani utakuwa umeitoa. Nikaigeuza hivi, nikaigeuza hivi. Nikaipeleka mlangoni kwenye mwanga. Mwalimu, chipu imeingizwa kinyume.

Kile kikato cha nusu mwezi kwenye kichwa cha chipu kinaangalia chini. Si ni wewe uliyenifundisha? Uliniweka mlangoni kwako ukanionyesha kwa kidole, "Kikato kiangalie Mlima Kenya, Naliaka. Ukikigeuza, umeme unaingilia mlango wa kutokea na chipu inakufa papo hapo, inanuka." Hata mimi nikiwa usingizini siwezi kusahau hiyo. Na hii inaangalia Nairobi.

Kwa hivyo bodi yangu haina kosa. Hata ile ya kwanza pengine haikuwa na kosa.

Nani aliichomeka? Kama ni Wamboi, mwambie sina hasira naye, ni kitu cha kufundishwa tu. Kama ni wewe, basi sielewi. Ulikuwa unachomeka chipu huku ukiongea na mimi habari nyingine, bila kuangalia mara ya pili. Ulifanya kusudi nishindwe? Niambie tu. Nitaumia lakini nitajua.

Naliaka


Makongeni, Thika
13 Aprili 2025

Mwalimu,

Wiki tatu. Kyengo anasema alipokuletea barua yangu uliipokea vizuri, lakini alipopita tena kuuliza kama kuna jibu ulimwambia hakuna, na ukafunga geti akiwa bado anaongea. Anasema ulilitafuta komeo muda mrefu.

Lile neno la kusudi nalitoa. Sikupaswa kumwandikia hivyo mtu aliyenifundisha bure, kwa subira, na mtoto akilia. Nimekosa.

Lakini chipu iligeuzwa. Hilo siwezi kulitoa.

Naliaka


Ruiru
20 Aprili 2025

Sasa Naliaka,

Ni Wamboi. Baba amenikataza kukuandikia, ndiyo maana nakuandikia. Nimempa Kyengo hii kule nje kwa barabara.

Kwanza, si mimi. Mimi hizo vitu sigusi, nilishagombezwa nikiwa na miaka saba sijasahau. Ni yeye. Na hakufanya kusudi, wacha kufikiria hivyo.

Baba haoni. Ni presha ya macho. Jicho la kushoto lilizima mwaka jana kabla hamjahama, na hakuna mtu alijua, hata mimi. La kulia anaona kama mtu anachungulia kwa mrija. Ninajua kwa sababu nilipata karatasi ya kliniki ndani ya Biblia. Daktari aliandika kwamba hata hilo moja haliwezi kumaliza mwaka likiwa hivyo, dawa inachelewesha tu. Nilipomuuliza alisema, "Ni yangu, si ya kutangaza." Ndiyo sababu alikukataza kuja. Ungemwona akipapasa kikombe.

Barua zako ninamsomea mimi. Ile ya Machi nilipofika pale kwa Mlima Kenya na Nairobi aliniambia, "Simama hapo." Akakaa. Akaniambia niisome tena. Halafu akaenda akakaa na mashine yake, haijawashwa, ana mkebe wa kakao mapajani, kuna chipu moja ndani. Jioni hakula.

Ngai, Naliaka, mimi huo mchezo niliucheza nikiwa msichana. Ni vijiti vya kijani tu kwa skrini. Lakini anataka kuviona na muda unaenda. Nimemwambia nitamchomekea hiyo chipu mimi, unionyeshe. Amekataa kata kata. Anasema mashine aliyoifungua kwa mikono yake hataangalia mtu mwingine akiifunga.

Sijui unaweza kufanya nini. Labda hakuna. Lakini usimwambie nimekwambia, tafadhali, nitafukuzwa na mimi nikiwa na miaka arobaini na sita.

Wamboi


Makongeni, Thika
11 Mei 2025

Mwalimu,

Hii ni bodi ya tatu. Wavinya amenirudishia pasi. Alisema alijua nitaiomba, hakuwa ameikunja waya.

Nakuandikia nikijua utakasirika, kwa hivyo nianze na hilo. Ulinikataza kuongeza kitu. Nimeongeza. Kila soketi, kwa ule upande kikato kinapoangalia, nimeweka tuta la risasi. Nilichomelea, nikaongeza, nikaongeza, mpaka likasimama kama tuta la barabarani. Ukipitisha kidole gumba juu ya bodi kitaruka. Si safi, si ya 1984, na hakuna mtu wa zamani angeliweka.

Nimeliweka kwa sababu yangu mwenyewe. Maxine sasa anatembea. Nikifanya kazi macho yangu yako kwake, siwezi kuyapeleka kwa bodi kila saa, kwa hivyo nimejifunza kutumia vidole. Nilijaribu na ile chipu iliyoungua. Nilifumba macho, Khisa akanivuruga kwa kuizungusha bodi mezani. Kikato cha chipu nakipata kwa ukucha, ni kama jino limetoka. Tuta nalipata kwa kidole gumba. Ukucha ukutane na tuta, basi. Nimefanya mara ishirini, sijakosea hata moja. Khisa naye akafumba akajaribu, akapatia. Akasema, "Kumbe hata mimi ni injinia." Amekuwa na kiburi tangu siku hiyo.

Bodi hii ya kwanza ya namna hii naomba uijaribu hivyo hivyo, bila kuangalia, ili uniambie kama njia yangu inafaa kwa mtu mwingine. Mimi nimezoea mikono yangu, siwezi kujipima. Ukiangalia kwa macho hutakuwa umenisaidia.

Ikikataa, basi imekataa, sitakuandikia tena habari ya kosa ni la nani. Nimechoka na hilo neno. Nimechoka na Ronny pia, safari hii alichapa sawa mara ya kwanza halafu akaikunja katikati anipatie.

Kona nimeiacha tupu. Sheria ni sheria.

Maxine amejifunza kusema "pasi".

Naliaka


Ruiru
25 Mei 2025

Naliaka,

Herufi zitakuwa kubwa. Wamboi amejitolea kuniandikia nikamkatalia. Vumilia mistari ikigongana.

Wewe hujui kudanganya kwa barua. Mtu anayelea mtoto anayetembea hafumbi macho mara ishirini. Na Wamboi amepita mlangoni hapa mara sita tangu asubuhi akijifanya anatafuta ufagio. Mwambie, ukimwandikia, kwamba hajafukuzwa.

Zile chipu mbili niliziua mimi. Niliziua, nikakulaumu, na nilipokuandikia kuhusu mikono yako nilikuwa ninaizungumzia yangu. Niliposomewa barua yako ya Machi nilijua pale pale, na nikanyamaza kwa aibu. Mwalimu mzima.

Bodi yako nilikaa nayo siku nne bila kuthubutu kuijaribu. Lile tuta lilinichukiza, nikasema si nakala. Nikawa ninalipapasa tu. Jana alasiri nikamwambia Wamboi atoke nje. Nikatoa chipu kwenye mkebe. Ukucha, kidole gumba. Nikaangalia dirishani makusudi, kama ulivyoniagiza. Nikaichomeka, nikasubiri harufu.

Haikuja harufu.

Kisha kaseti ikakataa. Nikairudisha mwanzo, ikakataa tena katikati. Nilimtukana mtu aliyeitengeneza, naye pengine alishakufa. Mara ya tatu ikapakia dakika zake zote, ikipiga ile kelele yake ya nyuki. Nikamwita Wamboi aingie. Nilisogea mpaka pua ikagusa kioo cha tivii, nikachungulia kwa hilo jicho langu moja, kipande kwa kipande. Nilipanda mahindi mistari mitatu. Yakaota. Yalikuwa kijani, Naliaka. Kijani kile kile.

Halafu mvua ikakataa, yakakauka yote. Wamboi alicheka mpaka akakaa chini. Mvua hiyo niliiandika mimi mwenyewe, na nilikuwa nimesahau jinsi nilivyokuwa mkali. Nimepanda tena leo asubuhi. Bado hainyeshi.

Sasa kuhusu kona. Bodi imewaka, sheria imetimia. Tengeneza ya nne, na matuta yake yote, usiondoe hata moja. Jina lako liweke pale kona, lakini stempu ni ndogo. Lifanye kubwa. Ukishalitoa kwenye dawa, lipake risasi juu ya shaba, herufi kwa herufi, lisimame kama yale matuta. Ninataka kulisoma.

Na usimpe Kyengo. Lete mwenyewe, uje na Maxine. Geti nitaliacha wazi.

Muigai